Samadi ya Vyama Viwili

Nimefanya kazi nyingi maishani mwangu. Nimepika vitumbua, nimesuka mikeka, nimeuza mchicha, nimewafunda wari wa watu mpaka sauti ikanikauka. Lakini kazi inayowafanya wajukuu wangu washike mbavu kwa kucheka ni ile ya kuzoa mavi ya mbuzi na mabata kwenye nyua za watu, Ngamiani, mjini Tanga, miaka ile ya hamsini. Wao hudhani nilikuwa nimefikwa na dhiki kubwa. Wapi! Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, talaka yangu iko sandukuni, mtoto mgongoni, na kazi ile niliibuni mwenyewe, nikaitafutia wateja mwenyewe, tena kwa watu wagumu kuliko wote walioumbwa na Mungu, yaani wanawake wenye nyumba.

Nianze na talaka, maana bila hiyo mambo mengine hayataeleweka. Mume wangu alikuwa mtu wa kuchekesha na hodari wa kucheza ngoma, na mtu wa namna hiyo ni mzuri kwa kila kitu isipokuwa kukaa naye. Siku moja alidandia lori la kwenda Mombasa, akavuka Horohoro, na baada ya miezi miwili nikaletewa barua yenye talaka moja, pamoja na salamu nyingi kwa majirani wote. Nililia siku tatu nikachoka. Kilichoniumiza zaidi kilikuja baadaye, nilipougua homa kali na maziwa yakanikauka, mtoto ana miezi mitano tu. Alikuwa msichana. Alilia mpaka akawa hana sauti ya kulilia.

Mjomba wangu wa Kigombe alipopata habari alikuja na mbuzi, jike jeupe lenye sikio moja jeusi, aliyekuwa ametoka kuzaa. Akamfunga kwenye mpapai uani kwetu, akaniambia, "Mkamue huyu, umchemshie mtoto. Usimwache karibu na nguo, ana tabia mbaya." Tabia mbaya alikuwa nayo kweli, alikula pindo za kanga zangu mbili katika juma la kwanza. Lakini mtoto alinywa, akalala, akaamka akanywa tena, na mwezi haukuisha mikono yake ikaanza kufanya mikunjo ya unene. Nilimpenda yule mbuzi kuliko nilivyompenda mume wangu, wala sioni haya kusema.

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya mama yangu. Ilikuwa na vyumba sita, vinne amepangisha, na nyuma uani kuna jiko, choo na kisima. Mtaani kwetu wanawake wengi walikuwa na nyumba zao hivyo hivyo, wengine wamerithi, wengine wamejenga kwa kuuza maandazi miaka ishirini. Na wenye nyumba wote walikuwa ndani ya vyama viwili vya lelemama. Mchana wa sikukuu walicheza ngoma na kushindana kwa mavazi, lakini siku za kawaida vyama hivyo ndivyo vilivyoendesha mtaa. Mpangaji mkorofi afukuzwe au asifukuzwe, uchochoro ufagiliwe na nani, mtu akifa nani apike, yote yaliamuliwa na chama. Kimoja kilivaa kanga za kijani, kingine nyekundu. Watu tuliwaita Kijani na Wekundu, na kila chama kilikuwa na kiongozi wake aliyeitwa kwini.

Kwini wa Kijani alikuwa mama yangu. Kwini wa Wekundu alikuwa mama mkwe wangu, au tuseme aliyekuwa mama mkwe wangu. Tulipooana, mtaa mzima ulisema sasa vyama vitapatana. Tulipoachana, mambo yakawa mabaya maradufu. Mama alisema wale wamelea mtoro. Mama mkwe alisema mwanawe hakutoroka bure. Mwisho mama akapiga marufuku: mtoto asipelekwe kwa wale, na wale wasikanyage kwetu. Mimi nilitii. Nilikuwa nakaa nyumbani kwa mama yangu, nakula chakula chake, ningesema nini?

Basi asubuhi moja akaja bwana afya. Alikuwa kijana wa Kishambaa, mpole, amevaa kaptura na soksi ndefu, kwapani ana daftari. Aliingia nyua nne tano, akatoka akifuta kiatu chake kwenye mchanga kwa muda mrefu. Akawaita wenye nyumba wote kwenye baraza.

"Mama zangu," akasema, "hali hii haifai. Mavi ya wanyama yamelundikana kila ua, nzi wamejaa, watoto wanaharisha. Nawapa siku kumi na tano. Nikirudi nikakuta ua hata mmoja una lundo, wanyama wa mtaa mzima watatolewa nje ya mji."

"Mtaa mzima kwa sababu ya mmoja?" mama akauliza.

"Mtaa mzima."

"Na mabata?" akauliza mama mkwe, aliyekuwa na mabata kumi na manne na kuwapenda kama watoto.

"Na mabata."

"Na paka?"

"Paka hapana, mama."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Niligeuka nikamtazama mbuzi wangu kupitia mlango wazi wa ukumbi, anatafuna ganda la ndizi hana habari. Akitolewa nje ya mji, mtoto wangu angekunywa nini? Maziwa ya kopo tuliyaona dukani tu. Ningeweza kumrudisha mbuzi Kigombe, lakini maziwa hayatoki Kigombe yakafika Tanga mazima kila asubuhi.

Tatizo halikuwa uvivu. Nyua zilifagiliwa kila siku. Lakini kilichofagiliwa kilisukumwa kwenye pembe, kikakaa pale kikisubiri mtu atakayekwenda shamba, na watu wa mjini hawana shamba. Mimi nilikuwa nalo. Nilikodi kipande kidogo upande wa Usagara, nikapanda mchicha, nao mchicha ulikuwa mwekundu na mdogo kwa sababu ardhi ilikuwa mchanga mtupu. Nikaona hapa Mungu amenifungulia. Nitazoa samadi ya mtaa mzima kila asubuhi, niipeleke shambani. Wao wapate usafi, mimi nipate mchicha, mtoto abaki na mbuzi wake.

Nikaanza kupita mlango kwa mlango nikiwa na tenga kichwani na maneno matamu mdomoni. Nilidhani watanikumbatia. Mlango wa kwanza jirani yetu, mke wa mshonaji, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Taka za nyumba yangu uende nazo wapi?"

"Shambani kwangu."

"Ukazifanyie nini?"

"Nizitie kwenye mchicha, dada. Nini kingine?"

"Aa. Basi ntaongea na mume wangu."

Mume wake hakuwahi kuulizwa lolote katika nyumba ile. Mlango wa pili wakaniambia wana wageni. Wa tatu wakaniona nakuja wakafunga. Mpaka adhuhuri nilikuwa na tenga tupu na shingo inayouma, na ndipo mpangaji wetu mmoja akanihurumia akanieleza kile ambacho mimi mwenyewe, mtoto wa mtaa ule ule, nilipaswa kukijua. Taka za nyumba ya mtu zina nyayo zake, zina nywele zake, zina riziki yake. Mtu akitaka kukufanyia ubaya huanzia hapo. Sasa anakuja mwanamke ameachwa juzi juzi, anaomba taka za wanawake wenye waume zao, tena anasema atazichukua bure! Nani angekubali?

Niliona moto. Nilitaka kusimama katikati ya barabara niwatukane wote mmoja mmoja. Waume zao wenyewe, kusema kweli, hakuna hata mmoja aliyestahili kulogewa. Lakini hasira yangu huwa ina faida moja, ikipoa huniachia akili. Nilipokuwa namkamua mbuzi jioni, nikawaza: wanaogopa kwa sababu taka za kila nyumba zinajulikana ni za nani. Zikichanganywa je?

Nikamwambia mama. Yeye alielewa mara moja. Akawaita Kijani wote siku ya Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wakaketi uani kwetu, nami nikasimama mbele yao nikaongea kama muuza dawa wa sokoni.

"Mama zangu, dada zangu, kila mmoja wenu atatoka na zake mwenyewe, azimwage kwa mkono wake, katika chombo kimoja, pale njia panda, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Mbuzi, bata, kuku, sungura, vyote ndani. Halafu nikoroge. Mchawi awe hodari namna gani, hebu anionyeshe kipi cha nani!"

Walicheka mpaka wakapigana mapaja. Bibi mmoja mzee akasema huyo mchawi akiweza kutenganisha basi apewe mshahara. Wakakubali wote. Niliona kazi imekwisha, na kumbe nimeiharibu.

Kwetu mtu akiwa na arusi hutuma waalikaji wawili, mmoja kwa kwini huyu na mmoja kwa kwini yule, na huondoka mlangoni kwa pamoja, ili pasiwe na chama kilichosikia kwanza. Hata kitinda mimba wa mtaa anajua. Mimi nilijua pia, ila nilidhani hayo ni mambo ya arusi na maziko, siyo ya mavi. Nilikosea. Kijani hawakutoka uani kwetu ila wameshatunga wimbo, na jua halijatua walikuwa wanapita nao barabarani, wakipiga makofi, mbele ya baraza za Wekundu:

*Uani kwetu kwang'ara, twakaa bila mkeka,*
*Wenzetu wana hasara, na bata wamewachoka!*

Kesho yake hakukuwa na mwanamke wa Wekundu hata mmoja aliyeitikia hodi yangu. Nusu ya mtaa ilikuwa yao. Zilibaki siku kumi na moja, na bwana afya alikuwa amesema ua mmoja tu unatosha.

Nilizunguka siku nzima nikijitafutia sababu za kutokwenda kwa mama mkwe. Nikazimaliza zote. Asubuhi iliyofuata nikamwacha mtoto na mama, nikasema naenda kisimani, nikapita uchochoroni mpaka nyumba ya mwanzo wa mtaa.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu kabla hajaona ni nani. Alikuwa uani, anawachanganyia mabata pumba kwenye sinia. Alikuwa mwanamke mnene, mzuri wa uso, magoti yalikuwa yakimsumbua hivyo alikaa kwenye kibao kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuniambia kaa. Nikasimama, mabata yakinidonoa miguu.

Nikamweleza yote: mbuzi, bwana afya, mchicha, tenga la njia panda. Aliendelea kukoroga pumba. Nilipomaliza akasema, "Yaani mavi ya mabata yangu yachanganywe na ya mbuzi wa mama yako?"

"Yachanganywe, mama, ndiyo usalama wenyewe."

"Labda nife."

"Basi ntayabeba mbali mbali." Maneno yalinitoka hata sijayafikiri. "Ntachukua mzegazega, ule mti wa kuchukulia maji. Debe moja huku, debe moja huku. Wekundu watachanganya yao, Kijani watachanganya yao, wala hayatagusana."

Akaacha kukoroga. Nikaona ameanza kupima. Kisha akauliza, "Ukiwa umebeba begani, debe moja liko mbele na moja nyuma. Lipi litakuwa mbele?"

Wallahi nilitaka kucheka, nikajiuma ulimi. "Nikienda, lenu. Nikirudi, la wale."

"Ukirudi si yatakuwa matupu? Unaniona mjinga?"

"Samahani, mama. Basi kwa zamu. Leo nyinyi mbele, kesho wao."

"Na siku ya kwanza?"

"Nyinyi."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

Hapo ndipo alipotabasamu, kidogo sana. Akawamwagia mabata chakula, akafuta mikono, akasema atawaambia wenzake. Nikashukuru, nikageuka. Nilipofika mlangoni akaniuliza, bila kunitazama, "Mtoto ameota meno?"

"Mawili, mama."

"Ya chini?"

"Ya chini."

"Baba yake alianza ya chini," akasema, akaendelea kuwafukuza mabata waliokuwa wanapigana. Nilitamani nirudi nikamchukue mtoto nimpeleke pale pale, lakini nilimwogopa mama yangu, na huo ndio ukweli.

Mama alipojua kwamba debe jekundu litakuwa mbele siku ya kwanza alininunia kutwa, kisha akakubali. Nikatafuta madebe mawili ya mafuta ya taa, nikafunga kitambaa cha kijani kwenye moja na chekundu kwenye jingine, nikaingiza mti. Mzegazega ulikuwa chombo cha wanaume wachota maji, na mara ya kwanza nilipopita nao mbele ya wanywa kahawa mmoja alitema kahawa yake kwa kicheko. Nikamwambia asogee nipite, la sivyo nitamwonjesha nilichobeba. Akasogea.

Zile asubuhi zilikuwa za raha. Wanawake walitoka na beleshi na ungo mbovu, wamejifunga kibwebwe, kila mmoja anamwaga zake kwenye debe lake huku anawatupia wenzake maneno. Nilikoroga kwa kijiti mbele ya macho yao, nao walitazama kwa makini kabisa kama nimewapikia pilau. Wanipe nini? Huyu alinipa nazi, huyu konzi ya mchele, huyu dua tu. Nilipokea vyote.

Lakini hao walikuwa watu wa mashindano. Siku ya tatu debe jekundu lilijaa pomoni na la kijani likafika nusu, Wekundu wakapiga vigelegele. Ati wameshinda! Siku ya nne debe la kijani likafurika. Nikashangaa, mbuzi wa Kijani wamekula nini? Nilipochungulia nikakuta mavi ya punda, na Kijani nzima haikuwa na punda. Walikwenda kuomba barabara ya pili. Siku ya tano Wekundu wakaleta ya ng'ombe, mti wangu ukapinda na bega likavimba.

Nikasimama njia panda nikapaza sauti. "Sikilizeni! Mwenye ua msafi ana kinyesi kingi au kichache? Kuanzia kesho, chama kitakacholeta kichache ndicho mshindi!"

Kesho yake madebe yote mawili yalikuwa matupu. Hata kinyesi cha kuku hakikuwemo. Wanawake wamesimama wamenyooka, wamejifunga vizuri, nyuso za watakatifu. Nikaenda moja kwa moja uchochoroni, nikakuta yote yamefichwa kule, upande huu ya Kijani, upande ule ya Wekundu, yamepangwa vizuri pasiwe na ya huyu kuingia kwa yule. Siku hiyo niliwakaripia watu wenye umri wa kunizaa. Niliwaambia mtoto wangu atakufa njaa kwa ajili ya ngoma zao. Wakaona haya, wakazoa, na mashindano yakaisha, au yalipungua. Na mchicha wangu baadaye, nadhani ulikuwa mchicha bora Tanga nzima.

Siku kumi na tano za bwana afya zilikuwa ziishe Jumatano. Alikuja Jumatatu.

Mimi nilikuwa shambani Usagara, ninamwagilia. Kila siku nilisafisha nyua za watu kwanza na wetu nikaufanya mwisho, jioni nikirudi, na mtaa mzima ulijua hivyo. Ule wakati wa alasiri, lundo la uani kwetu lilikuwa bado liko pale pale chini ya mpapai. Binti wa mpangaji wetu alinifuata huko huko, anahema, akaniambia bwana afya ameshapita nyumba tatu. Nilitupa mzegazega na madebe yake, nikakimbia na kanga mkononi, watu wakidhani nimefiwa.

Barazani kwetu nikamkuta bwana afya amekaa na kikombe cha kahawa. Mama yangu alikuwa amemshika kwa adabu zote anazozijua. Amemuuliza hali yake, ya mama yake, ya baba yake, ya mifugo ya kwao Lushoto, mvua za kwao, bei ya viazi vya kwao, na kila akitaka kusimama anamwongezea halwa. Macho ya mama yakanitazama mara moja tu, yakanielekeza ndani.

Nikapita ukumbini nikafika uani. Mama mkwe alikuwa pale. Bwana afya alianza na nyumba yake, na alipotoka tu, mama mkwe akakumbuka lundo letu, akapita uchochoroni akaingia mlango wa nyuma, nyumba ambayo alikuwa hajaikanyaga tangu talaka. Alikuwa amevaa doti mpya ya kanga za chama, nyekundu inayowaka, maana alikuwa anakwenda kualika arusi. Ameinama na magoti yake yale, fagio la chelewa mkononi, anazoa. Alikuwa amejaza pakacha moja na kulitoa nje. Nusu ya lundo ilikuwa bado.

"Usisimame hapo," akaniambia. "Lete kikapu kingine!"

Nikageuka kutafuta kikapu, na ndipo tukasikia sauti ya bwana afya ukumbini, anasema ameshiba, anashukuru sana, sasa anaomba aone uani. Mama alikuwa ameishiwa na maneno. Mtoto, aliyekuwa amelala kwenye mkeka kibarazani pale uani, akaamka akaanza kulia.

Mama mkwe akatupa fagio nyuma ya choo. Akavua kanga yake ya juu, ile mpya, akaitandaza juu ya lundo lililobaki. Akamnyanyua mtoto. Kisha akakaa, taratibu, mzima mzima, juu ya kanga, juu ya mavi ya mbuzi, mjukuu wake mapajani, akampa ncha ya kidole aing'ate kwa yale meno mawili. Mtoto akanyamaza.

Bwana afya akatokea, mama nyuma yake. Akaangalia pembe zote. Akaangalia choo, jiko, kisima. Akamwangalia mbuzi, na mbuzi akamwangalia yeye. Halafu akamwona bibi aliyekaa chini ya mpapai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Utanisamehe siinuki, magoti yangu mabovu na mtoto ndiyo kwanza anatulia."

"Usiinuke, mama, usiinuke." Akafungua daftari. "Nilikuona nyumba ya kwanza kule. Na hii nayo ni yako?"

Nilimtazama mama yangu. Yeye alikuwa anamtazama mwenzake, na midomo ameibana.

"Hii ni nyumba ya mjukuu wangu," akasema mama mkwe. "Na yule mbuzi ndiye anayemlea. Andika hivyo."

Sijui aliandika nini. Alisema mtaa ukiwa hivi mpaka mwisho wanyama wabaki, akatuaga akaenda nyumba inayofuata. Tulisubiri mpaka viatu vyake vikasikika barabarani.

"Haya niinueni," akasema. "Mavi ya mbuzi wenu yananichoma."

Mimi nikashika mkono mmoja. Mama akasita kidogo, akaja akashika wa pili, tukamwinua. Kanga ile ilikuwa imeharibika kabisa, na gauni pia, udhu umekwisha, arusi ya watu haijaalikwa. Mama aliitazama ile najisi, akasema, "Mabata yako yamepona."

"Yamepona," akajibu mwenzake. Lakini mtoto hakumrudisha. Alimpakata vile vile, huku ananuka, na mama yangu hakumwambia ampe.

Doti ile niliifua mimi, maji saba na sabuni ya mche, nikaianika kwenye kamba ya uani kwetu, nyekundu katikati ya kanga za kijani. Alikuja kuichukua kesho yake asubuhi. Ilikuwa imekauka tangu jana, naye aliishika, akaigeuza, akasema bado ina unyevu, ngoja akae kidogo. Mama akamletea kiti.